Elfu Kumi Mia Nne na Tatu

Kila kigae nilikibonyeza mimi, kwa kidole changu cha mwisho, katikati kabisa, udongo ukiwa umeanza kukauka lakini haujawa mgumu. Ukibonyeza mapema, udongo unang'ang'ania kidole. Ukichelewa, kigae kinapasuka. Shangazi yangu, ambaye karakana ni yake, alisema vidole vyake vimeshakuwa vinene mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo ikawa yangu kwa miezi minne, mpaka ukucha ukalika ukabaki kama ganda la dengu.

Vigae vilikuwa vya Mkunga. Alikuwa mkunga wa zahanati iliyo mitaa miwili kutoka kwetu, na mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne. Wenzake walimwuliza anataka zawadi gani, wakitegemea aseme saa ya ukutani au seti ya vikombe. Akasema anataka ukuta. Ukuta wa chumba cha kusubiria, ule unaotazamana na benchi, ubandikwe vigae vidogo, kigae kimoja kwa kila mtoto aliyepita mikononi mwake.

"Majina sitaki," alimwambia Shangazi siku aliyokuja kuagiza. "Majina ni ya wenyewe. Nataka idadi tu. Waliolia na wasiolia, wote."

"Ni wangapi?"

Mkunga alitoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa amehesabu madaftari kumi na matatu ya wodi, mstari kwa mstari, kila siku akimaliza zamu. "Elfu kumi mia nne na nne," akasema.

Shangazi akabonyezabonyeza simu yake, kisha akacheka peke yake. "Mraba kamili huo," akasema. "Mia moja na mbili kwenda juu, mia moja na mbili kwenda pembeni, na hakibaki hata kimoja. Dada, watoto wako wamejipanga wenyewe."

Mkunga alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona mtu akifurahia namba.

Fundi wa kubandika alikuwa mtu tunayemwita Timazi, kwa sababu kila kitu lazima akifumbie jicho moja aone kama kimesimama wima, hata kikombe cha chai. Yeye naye aliniita Redio, kwa kuwa siongei. "Redio, habari za leo zinasemaje?" angeuliza kila asubuhi, na mimi ningecheka nikitazama chini. Alipima ukuta, akachora mraba wa mita mbili na sentimita hamsini na tano kila upande, maana kigae kimoja na mwanya wake wa saruji ni sentimita mbili na nusu, kisha akauzungushia ukingo wa plasta kama fremu ya picha.

Kwetu vigae vinahesabiwa kwa trei. Trei ni ya mbao, safu kumi za vigae kumi, mia moja. Hakuna anayehesabu kigae. Watu wanahesabu trei. Jumatatu tulizipeleka trei mia moja na nne pamoja na vigae vinne kwenye bahasha, tukazipanga kwenye stoo ya zahanati, nyingine tukaziweka chini ya benchi la chumba cha kusubiria. Makabidhiano yalikuwa Jumamosi. Timazi alisema siku tatu zinamtosha, kama Redio na Shangazi watamsaidia.

Jumanne asubuhi alikuwa amekwisha kuchanganya gundi ndoo ya kwanza Mkunga alipoingia na madaftari mawili kifuani.

"Subirini kwanza," akasema. "Nimekosea."

Alikaa kwenye benchi, akayafungua yote mawili mapajani mwake, akatuita tuone. Daftari likijaa, alieleza, ana kawaida ya kunakili mstari wa mwisho wa daftari la zamani juu kabisa ya daftari jipya, ili atakayelifungua ajue tuliishia wapi. Mstari huo anauandika kwa kalamu nyekundu, usije ukahesabiwa tena. Madaftari kumi na matatu yana maungio kumi na mawili. Yeye kwenye jumla yake alikuwa ametoa mistari myekundu kumi na mmoja. Jana, wakati anamkabidhi madaftari muuguzi atakayeshika nafasi yake, akaona ule wa kumi na mbili. Kalamu nyekundu ilikuwa imeisha siku hiyo. Aliandika kwa bluu.

"Huyu hapa," akasema, kidole kwenye mstari wa mwisho wa daftari moja. "Wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, saa kumi na dakika tano alfajiri." Akahamisha kidole kwenye mstari wa kwanza wa daftari la pili. "Na huyu hapa tena. Ni mtoto mmoja. Nimemhesabu mara mbili."

Timazi alimwangalia Shangazi, kisha akamwangalia Mkunga. "Sasa mama, kilo tatu na ushee, hilo si ni toto kubwa? Mpe viwili, anastahili."

Mkunga alitabasamu kidogo, kwa heshima tu. Aliinama, akachukua kigae kimoja kwenye trei iliyokuwa karibu na mguu wake, akampa Shangazi. "Kila kigae mtoto mmoja. Toa hiki."

"Nikitoa hicho, kona moja inabaki na tundu," Timazi alisema.

"Tundu hapana."

"Ni dogo mama, kama kisanduku cha kiberiti. Halifiki hata hapo."

"Hapa kwenye benchi watakaa kina mama waliowahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Kila mmoja ataliona tundu hilo akajua ni la kwake." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Tundu hapana, baba."

"Basi tukiache hicho kilichozidi. Vigae elfu kumi nani atakaa avihesabu?"

"Mimi."

"Utavihesabu wewe?"

"Nitajua mimi. Miaka thelathini na minne naandika kwenye haya madaftari yaliyotokea. Siwezi kuondoka kwa kuandika mtoto ambaye hakuzaliwa."

Timazi alikuna kichwa kwa mpini wa mwiko. Akasema basi tupunguze safu moja nzima, ukuta uwe mfupi kidogo. Shangazi akapiga hesabu kwenye simu, akasema hapo vinabaki vigae mia moja na kimoja mkononi. Mkunga akauliza hao mia moja na mmoja tunawapeleka wapi.

"Si lazima uwe mraba," Shangazi akasema. "Mstatili wowote unafaa, mradi safu zote zilingane na asibaki mtu. Tutafute namba inayoigawa." Akaanza kugawa. Kwa mbili, ikakataa. Kwa tatu, kwa nne, kwa tano, mpaka ishirini, na kila mara simu ilimtolea nukta na tarakimu za ziada. Ishirini na moja hakuijaribu.

"Upange mstari mmoja tu," Timazi alisema. "Uanzie hapa, uzunguke jengo lote, umalizikie chooni. Hapo hakibaki hata kimoja."

Shangazi alimwambia anyamaze, lakini alicheka. Hata Mkunga alicheka. Kisha akayafunga madaftari.

"Kama haiwezekani, haiwezekani," akasema. "Fundi, kesho piga plasta pakae sawa, kisha upake rangi. Mimi nitaondoka vizuri tu bila ukuta."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu aliyekasirika unaweza kumsubiri hasira zishuke. Huyu alikuwa amemaliza. Nilizitazama trei chini ya benchi, kila kigae na kishimo cha kidole changu, nikafikiria kuvirudisha kwenye maboksi na maboksi kuyarudisha karakana, yakae kwenye rafu ya juu mpaka siku Shangazi atakapohitaji nafasi.

Kile kigae kimoja Shangazi alikifikisha karakana, akakiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Mimi nikachukua donge la udongo mbichi, nikalikandamiza juu ya ubao likawa kama ukurasa, nikaanza kugawa kwa ncha ya msumari.

Shule niliiacha darasa la tano, lakini kugawa kwa njia ndefu tulikuwa tumeshafundishwa, na ni kitu nilichokipenda kwa sababu mtu unaweza kukifanya bila kusema chochote. Niliandika elfu kumi mia nne na tatu juu, nikaanza na namba ndogo. Mbili ilibakisha moja. Tatu ilibakisha mbili. Nne sikuijaribu: kama viwili viwili vimegoma, vinne vinne vitakubali vipi? Kwa sababu hiyo nikaruka na sita, na nane, na tisa, na zote ambazo ni watoto wa zile zilizokwisha kataa. Saba ilibakisha moja. Kumi na moja ikabakisha nane, kumi na tatu ikabakisha tatu. Kila ukurasa ukijaa nililaza udongo upya kwa kiganja na kuanza tena.

Kumi na saba ilibakisha kumi na sita. Hapo nilikaa nikaiangalia kwa muda. Kumi na sita kati ya kumi na saba ni kama watu wamejipanga kupiga picha na mmoja kaenda msalani. Ilikuwa hivyohivyo kwa mbili, na kwa tatu: pungufu moja tu. Nilijua sababu. Zote tatu zilikuwa zinaigawa ile namba ya zamani, ya mraba, na sasa zilikuwa zinamtafuta yule mtoto wa mstari wa bluu.

Nikaendelea. Kumi na tisa, ishirini na tatu, ishirini na tisa. Nilipofika arobaini na saba udongo ulikuwa umeanza kukauka na msumari ulikuwa unakwaruza badala ya kuandika. Mwalimu alituambia kuna namba zisizogawika kwa kitu chochote isipokuwa moja na zenyewe. Zinaitwa namba tasa. Nilianza kuogopa kwamba hii ni mojawapo, na kama ni mojawapo sikujua ningelitamka vipi neno hilo mbele ya mkunga.

Shangazi alikuja akasimama nyuma yangu. Alitazama udongo wote ule uliochanwachanwa.

"Imekushinda?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Si wewe. Namba yenyewe kichwa ngumu." Akanigusa bega. "Kesho nenda ukavitie vigae kwenye maboksi. Uanze na vya stoo, vya chini ya benchi umalizie, nisingependa Mkunga aone."

Jumatano nilifika mapema. Timazi alikuwa kwenye chumba cha kusubiria anachekecha mchanga. Aliniuliza habari za leo, nikacheka nikitazama chini, lakini naye hakuwa na mzaha mwingi. Nikaingia stoo.

Boksi moja linachukua trei tano. Nilizimaliza za stoo, nikatoka taratibu kuchukua za chini ya benchi. Trei ya kwanza kuivuta ilikuwa ile aliyoichomolea Mkunga kigae. Ilikuwa na nafasi moja tupu pembeni. Niliirudisha nayo stoo, nikachukua bahasha ya vile vinne vya ziada nitoe kimoja niijaze, kwa sababu mkono umezoea: trei ni mia. Nilikishika kigae hewani, nikasimama.

Tisini na tisa. Nayo ilikuwa mraba uliopungukiwa kimoja.

Nilikirudisha kigae kwenye bahasha. Niliimwaga trei taratibu sakafuni, nikavipanga upya vikiwa vimekaa kama vilivyokuwa: safu tisa za kumi kumi, na safu ya chini yenye tisa. Niliitazama ile safu ya tisa. Ilikuwa imekaa vibaya, fupi, kama pindo la gauni lililokatika. Halafu nikaona kwamba juu yake kuna safu tisa. Yenyewe ina vigae tisa, na juu yake kuna safu tisa.

Niliichukua kigae kimoja kimoja, nikaisimamisha pembeni, kigae kimoja mwisho wa kila safu. Ikatosha. Zikawa safu tisa, kila moja ina kumi na moja. Hakikubaki kigae, wala hakikukosekana kigae.

Nikajiambia nitulie, labda ni kwa mia tu. Nikatengeneza mraba wa tatu kwa tatu, nikatoa kimoja, nikasimamisha vile viwili vya chini. Mbili kwa nne. Nikatengeneza nne kwa nne, ikawa tatu kwa tano. Sita kwa sita, ikawa tano kwa saba. Kila mara safu iliyopungua ilikuwa na urefu uleule wa zile zilizosalia juu yake, kwa sababu zote mbili zimepoteza kimoja: safu imepoteza kigae, na ukuta umepoteza safu. Haikujali mraba ni mkubwa kiasi gani.

Sikuwa na udongo wala msumari. Niliandika kwa kidole kwenye vumbi la kifuniko cha boksi. Mia moja na mbili ikipungua inakuwa mia moja na moja. Ikiongezeka inakuwa mia moja na tatu. Mia moja na tatu mara mia moja ni elfu kumi na mia tatu. Bado mara moja: mia moja na tatu. Jumlisha.

Elfu kumi mia nne na tatu.

Jana nilikuwa nimefika arobaini na saba nikachoka. Ilikuwa imekaa mbele kidogo tu, inanisubiri.

Kutoka chumba cha kusubiria nikasikia mwiko unakwangua sinia la chuma. Timazi alikuwa anachanganya plasta. Nikajikaza, nikatoka. Mkunga alikuwepo, amesimama karibu na dirisha na kikombe cha chai, anautazama mraba ule mtupu. Timazi alikuwa amekwisha kuchota mwiko wa kwanza.

Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, nilikuwa nimeyapanga njiani, hatua kumi na mbili za njia, lakini ulimi ulikuwa mzito kama tofali. Timazi aliniona nimesimama tu.

"Redio, betri zimeisha?"

Niligeuka nikarudi stoo. Naamini walidhani nimekwenda kulia. Nilikusanya vigae tisini na tisa kwenye trei, nikatoka navyo, nikapiga magoti mbele ya benchi, nikaanza kuvipanga juu ya benchi lenyewe. Safu tisa za kumi, na ya mwisho fupi. Mikono yangu ilijua kazi. Mkunga akasogea. Timazi naye akaja, plasta imekaa kwenye mwiko.

Nikaionyesha nafasi tupu kwa kidole. Nikaichukua safu fupi, nikaisimamisha pembeni, kimoja kimoja. Nikaondoa mikono.

Mkunga aliinama. Alihesabu kwa macho, midomo ikicheza. "Hakuna aliyebaki?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Na hakuna aliyeongezwa."

"Hakuna, mama."

"Ngoja, ngoja," Timazi alisema. "Hiyo ni trei moja. Mimi hapa nina ukuta. Tisini na tisa na elfu kumi wapi na wapi?"

Hapo ilibidi niseme. Nilisema nikiwa naangalia vigae, si watu. Nilisema mraba ukipungukiwa kimoja, safu ya mwisho inakuwa fupi kwa kimoja, na safu za juu yake nazo zimepungua moja, kwa hiyo ile fupi inalingana sawasawa na kimo, unaisimamisha tu ubavuni. Nilisema nimejaribu kwa tatu, kwa nne na kwa sita, na kwa kumi mmeona. Nilisema ukuta utakuwa mia moja na moja kwenda juu, mia moja na tatu kwenda pembeni. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo mmoja, na nilipomaliza nikaona nimekosa pumzi.

Timazi alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika ukutani, palepale alipotaka kupiga plasta. Aliandika polepole, anatoa sauti kila anapobeba. Alipomaliza alipigia jumla mstari chini, akafumba jicho moja, akaitazama kama anaangalia imenyooka.

"Elfu kumi mia nne na tatu," akasema. Kisha akanigeukia. "Na jana ulikuwa unatuangalia tu tunavyohangaika?"

"Jana sikujua."

"Kumbe Redio ina stesheni, ila mpaka uipige makofi."

Mkunga aliweka kikombe chini, akakaa kwenye benchi kando ya vile vigae, akaweka viganja juu ya magoti yake yote mawili, kama mtu aliyefika mahali baada ya kutembea sana.

Timazi ndiye aliyeharibu. "Lakini ukingo wangu ni wa mraba," akasema. Alichukua futi ya kukunja. Juu patapungua sentimita mbili na nusu, hapo hapana shida, ataongeza plasta. Pembeni pataongezeka sentimita mbili na nusu, kwa hiyo ukingo wa upande mmoja lazima uvunjwe. Kushoto kuna mlango wa wodi, bawaba zake zinagusa kabisa. Kulia kuna fremu ya dirisha. Alipima kati ya ukingo na fremu, akapima tena. Sisi wawili tulikuwa tunamsubiri.

"Tatu," akasema. "Sentimita tatu. Inabaki nusu." Akalisogelea dirisha, akafumba jicho. "Na nusu hiyo ni kwa sababu siku ile nilikosea kidogo. Ningepima vizuri pasingekuwa na kitu."

"Mungu akubariki kwa kukosea," Mkunga alisema.

"Amina, lakini usimwambie mtu."

Plasta aliyokuwa ameichanganya kwa kuuziba ukuta aliitumia kuongezea ukingo wa juu. Mimi nilikimbia kumwita Shangazi. Alikuja na aproni yake ya udongo, akazisoma hesabu za penseli ukutani, akazisoma tena, kisha akaniangalia kwa namna ambayo ilinifanya nianze kufungua maboksi haraka.

Tulibandika siku tatu, kuanzia mchana ule mpaka Ijumaa jioni. Timazi alivuta uzi, Shangazi alipaka gundi, mimi nilimpa Timazi vigae kumi kumi. Kila safu ikiisha nilisema namba yake kwa sauti, maana sasa alikuwa ameniamuru niseme. Kuanzia safu ya themanini alianza kuchungulia maboksi. Ya tisini akaniuliza kama nina hakika. Ya tisini na saba akaniuliza tena, na Shangazi akamwambia aniache. Safu ya mia moja na moja ilipoanza, vilikuwa vimebaki ile trei yenye tisini na tisa na vile vinne vya bahasha. Hapo hata mimi nilihesabu vilivyobaki mara mbili, ingawa mia na tatu ni mia na tatu.

Kigae cha mwisho kilikaa kwenye kona ya juu, upande wa dirisha. Timazi akaipindua trei, akaigonga nyuma, kikadondoka kipande cha udongo tu.

Tangu siku ile nimekwisha kujaribu kuigawa mia moja na moja. Haigawiki. Mia moja na tatu nayo haigawiki. Maana yake namba ile ilikuwa na mstatili mmoja tu duniani, ukiacha ule wa Timazi wa kuzunguka jengo. Nilijaribu pia elfu kumi mia nne na mbili, kama Mkunga angekuwa amekosea wawili badala ya mmoja. Hiyo inakubali kumi na nne kwa mia saba arobaini na tatu. Ungekuwa ukanda mwembamba wa mita kumi na nane na nusu, na chumba cha kusubiria kina mita tano.

Jumamosi watu walikuja, wakasema walichosema, wakanywa soda. Wengi waliupenda ukuta, na hakuna aliyeona kwamba si mraba. Walipoondoka tulibaki kufagia. Mkunga alivua viatu vyake vya kazi, akausogelea ukuta, akaanza kuhesabu safu ya chini, kidole kwenye kishimo cha kila kigae, kuanzia mlangoni.

Alifika dirishani, akasimama.

"Mia moja na mbili," akasema, hakumwambia mtu.

Shangazi alinitazama. Timazi akaacha kufagia. Nilijua kilichotokea, kwenye sabini na kitu muuguzi mpya alipita akamwaga, na Mkunga alimwitikia. Nilitaka kumwambia. Lakini huu ulikuwa ukuta wake na hesabu yake, kwa hiyo nikanyamaza.

Alirudi mlangoni, akainama, akaanza upya, safari hii kwa sauti, na hakuna aliyepita. Moja. Mbili. Tatu.